Mashine ya kusaga vichaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuilinda

Maswali haya yametoka kwa watu wa aina mbili. Kuna maopereta wenzangu Waswahili wanaosafisha malisho huku Texas, na kuna ndugu walioko Kenya na Tanzania wanaotaka kuagiza mashine ya mtumba iwasaidie kupambana na vichaka. Nimeyapanga kufuata yanavyonisumbua mimi mwenyewe, kwa hiyo mengine yamejibiwa kwa kirefu na mengine kwa sentensi mbili.

Mashine yenyewe ni ipi?

Ni ile ndogo ambayo mitaani kwetu huitwa bobkati, hata kama imetoka kiwanda kingine kabisa: kebini katikati, mikono miwili ya kunyanyulia ubavuni, chombo cha kazi mbele. Tunayoizungumzia hapa haina magurudumu. Inatembea kwa mikanda ya mpira kama kifaru cha vita, na mahali pa baketi imefungwa kichwa cha kusagia, yaani ngoma ya chuma yenye meno inayozunguka karibu mara 2,000 kwa dakika. Mti unaingia umesimama, unatoka makapi yanayobaki juu ya ardhi kama matandazo. Hakuna kuchoma, hakuna kusomba magogo.

Asili yake inafaa kukumbukwa. Ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, waliunda mama wa mashine hizi mwaka 1957 kule Minnesota, kwa ajili ya mfugaji aliyetaka kusafisha mabanda ya batamzinga. Ni mashine ya bandani tuliyoihamishia msituni. Karibu kila ulinzi utakaousoma hapa unatokana na hilo.

Nina mashine ya kawaida ya kupakia mchanga. Nikiifunga kichwa cha kusagia si inatosha?

Haitoshi, na wengi wamelijua hilo baada ya kuunguza pampu.

Anza na oili ya haidroliki. Mashine ya kawaida husukuma lita 75 hadi 95 kwa dakika kwenda kwenye chombo cha mbele. Vichwa vingi vya kusagia vinavyostahili jina hilo vinataka lita 115 hadi 170, kwa shinikizo linaloweza kufika bar 280. Ukifunga kichwa kikubwa kwenye mtiririko mdogo, ngoma itakwama kwenye kila shina. Inapokwama, oili hupenya kwenye vali ya usalama bila kufanya kazi yoyote, na nguvu yote ile hugeuka joto. Utaona geji inapanda huku kichaka kiko palepale kinakutazama.

Halafu kuna kupumua. Ukipakia mchanga, injini hupata nafuu kila unaporudi nyuma kuchukua mzigo mwingine. Kusaga hakuna nafuu: ni mzigo kamili kuanzia asubuhi, katikati ya vumbi ambalo wewe mwenyewe ndiye unayelitimua. Rejeta iliyotosha kwenye mchanga haitoshi hapa.

La tatu ni ngozi. Mashine ya kawaida ina kioo cha kawaida, taa zilizotokeza nje, hosi zinazoning'inia, na tumbo lenye mianya. Tawi moja la unene wa kidole gumba, likiingia mahali pasipofaa, linang'oa hosi au waya za umeme, na siku imeisha.

Kifurushi cha ulinzi wa msituni kina vitu gani?

Hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Ukiambiwa mashine ina "vifaa vya msituni", tarajia mlango wa polikaboneti (plastiki ngumu inayoona kama kioo), nondo au bamba za kukinga paa na kioo cha nyuma, ngao za taa, kava za hosi kwenye mikono, bamba zito chini ya tumbo, wavu mzuri mbele ya rejeta, na feni inayoweza kugeuza upepo. Kitu ninachokiona kimesahaulika mara kwa mara ni ngao ya mota za kuendeshea mikanda, pale ndani karibu na gia kubwa. Vijiti hupenda sana kujipenyeza pale na kusaga sili, yaani vizuizi vya oili isivuje.

Kwa nini mlango uwe wa polikaboneti na si kioo kinene?

Piga hesabu kidogo. Ngoma yenye upana wa sentimita 45 kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, meno yake yanapita kwa mwendo wa kilomita 170 hivi kwa saa. Jino likivunjika, au likigonga jiwe, kipande kinaondoka kwa mwendo wa aina hiyo. Kioo cha kawaida kitapasuka usoni mwako. Polikaboneti ya milimita 12.7, ambayo ndiyo unene uliozoeleka, hubonyea na kurudisha pigo.

Paa nalo lina vipimo vyake. Kinga ya vitu vinavyoanguka huja kwa viwango viwili. Cha kwanza hujaribiwa kwa pigo la jouli 1,365, sawa na kudondosha kilo 46 kutoka mita tatu. Cha pili ni jouli 11,600: kilo 227 kutoka mita tano na ushei. Kwa miti, taka cha pili. Kuna pia kiwango cha ISO 8084, kinachohusu kinga dhidi ya matawi na vitu vinavyopenya kebini kutoka mbele au ubavuni. Vyote hivi huandikwa kwenye kibati kilichogongwa ndani ya kebini. Kibati kikiwa hakipo, usikubali maneno matupu. Na usitoboe wala kuchomelea nguzo za kebini ili ufunge redio au taa, maana nguzo iliyochomelewa na fundi wa mtaani si ile iliyopimwa kiwandani.

Mlango umefifia, sioni vizuri. Naufutaje?

Maji mengi kwanza, yaondoe mchanga. Kisha sabuni laini na kitambaa laini. Usiufute ukiwa mkavu, usiupake petroli, na achana na dawa za vioo vya nyumbani zenye amonia, kwa sababu polikaboneti hupata ufa mdogo mdogo usioonekana na siku ya pigo huachia. Ukiona nyufa zinazotoka kwenye matundu ya bolti, au rangi imegeuka njano kwa jua, badilisha mlango. Ni ghali, najua.

Watu wasimame umbali gani?

Watengenezaji wengi huandika mita 90, wengine zaidi. Hiyo ni kwa pande zote, hata nyuma. Mwenye shamba anapenda kusogea aone kazi inavyokwenda, na mara nyingi huja na watoto. Ukimwona, shusha kichwa chini na uzime ngoma kwanza, mazungumzo baadaye. Ngoma ni nzito: huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya kuzimwa, na kimya cha injini humdanganya mtu kwamba imesimama.

Kitu gani hasa huziua mashine hizi?

Ukiuliza watu kumi, tisa watakutajia mti mkubwa au jiwe. Mimi nasema makapi. Mashine hii huuawa na kile inachokitengeneza yenyewe.

Fikiria siku nzima ya kusaga. Huku Texas mti unaoitwa mwerezi kwa kawaida ni aina ya mtarakwa, ndugu wa ule wa milima ya Kenya, na majani yake yaliyokauka yana mafuta yanayowaka upesi. Vumbi lake huanguka juu ya boneti, hupenya kwenye kila mwanya, hujikusanya mahali usipopaona: juu ya bamba la tumbo, pembeni mwa tangi la oili, nyuma ya betri, na pabaya kuliko pote, kuzunguka tabo (kifaa kinachozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa) na bomba la moshi. Huko ndani kuna hosi inayotoka jasho la oili na kiungo kinachodondosha dizeli tone moja kwa saa. Sasa una kuni laini zilizomwagiwa mafuta, zimelazwa kando ya chuma chenye joto la nyuzi mia kadhaa.

Moto huu una hila. Mara nyingi hauanzi ukiwa kazini, kwa sababu feni inapuliza na joto linatawanyika. Unazima injini ghafla, feni inasimama, joto la tabo linabaki palepale, na makapi yanaanza kufuka polepole. Mwenzangu mmoja aliiacha yake hivyo akaenda kukaa kivulini kula chakula cha mchana. Alipoona moshi akadhani ni vumbi la gari barabarani. Alipofika, hosi ya kwanza ilikuwa imeshayeyuka, na lita nyingi za oili zikawa zinaulisha moto. Kilichobaki tulikiondoa kwa winchi.

Mashine zenye chujio la masizi kwenye eksozi zina hatari nyingine: chujio hujisafisha kwa kuunguza masizi, na joto lake hufikia nyuzi 600. Usiruhusu jambo hilo lifanyike umeegesha juu ya nyasi kavu au juu ya rundo la makapi yako. Tafuta udongo mtupu.

Basi nisafishe mara ngapi, na kwa kutumia kitu gani: maji au upepo?

Upepo. Kipulizio cha majani cha betri kinatosha kwa kazi ya mchana, na kompresa jioni. Kwenye miti mikavu mimi husimama kila baada ya saa mbili, dakika kumi tu: boneti juu, napuliza kuanzia kwenye tabo kwenda chini, kisha pembeni mwa betri na altaneta, kisha rejeta kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza rejeta kutoka nje, unayapeleka makapi katikati ya mapezi yake na hayatoki tena.

Maji ya presha nayahifadhi kwa mwisho wa wiki, injini ikiwa imepoa. Makapi yakilowa yakabaki, hugeuka kama ugali uliokauka kwenye sufuria. Pia maji ya presha yakielekezwa kwenye soketi za waya au kwenye sili za beringi huleta ugonjwa utakaoonekana baada ya mwezi.

Jioni, iache injini izunguke polepole dakika tano kabla ya kuzima ili tabo ipoe. Kisha puliza, kisha kaa nayo nusu saa. Tumia nusu saa hiyo kupiga grisi na kukagua meno. Ukiondoka, kata umeme wa betri kwenye swichi kuu.

Moto ukitokea nikiwa ndani?

Kabla ya moto, jibu swali hili ukiwa umekaa kwenye kiti chako: nitatokea wapi? Kwenye mashine nyingi mlango wa mbele haufunguki kama mikono imenyanyuliwa au kichwa cha kusagia kimeuzuia. Njia ya pili huwa kioo cha nyuma au cha paa, chenye kamba au mpini wa kukisukuma nje. Nimeona mashine ambayo mwenyewe alikuwa amefunga nondo nzuri za kukinga kioo cha nyuma, zimekazwa kwa bolti nane. Alikuwa amejijengea jela. Nondo za kioo cha dharura lazima zifunguke kwa mkono, kutoka ndani.

Beba mitungi miwili ya poda, mmoja kebini na mwingine nje mahali unapoweza kuufikia ukiwa umesimama chini. Ongeza pampu ya maji ya mgongoni, kwa sababu poda huzima mwale lakini makapi yanayofuka ndani yanataka maji. Mfumo wa kuzima moto unaojifyatua wenyewe kwenye chumba cha injini una bei, na nikiwa mimi ndiye ninayenunua, ningezitoa pesa zake kwenye bajeti ya redio na kiti cha ngozi.

Kila mchana mashine inachemka. Rejeta ni mpya. Tatizo nini?

Angalia kwanza wavu na mapezi. Kwenye nyasi zenye mbegu za manyoya, rejeta safi huziba ndani ya saa moja. Feni inayogeuza upepo husaidia sana, lakini ukiigeuza huku ngoma inasaga, inayapuliza makapi na kuyavuta tena papo hapo. Toka kwenye vumbi, nyanyua kichwa kidogo, ndipo ugeuze.

Ikiwa rejeta ni safi na bado geji inapanda, tazama mkono wako mwenyewe. Opereta anayeulazimisha mti hadi ngoma ikwame kila dakika anachemsha oili. Ingia taratibu, sikiliza injini, ukisikia mlio unashuka rudi nyuma kidogo ngoma ikusanye kasi yake. Meno butu nayo hupandisha joto. Oili ya haidroliki ikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 80 hivi, inakuwa nyepesi mno, sili zinaanza kukakamaa, na kuanzia hapo unalipia vitu usivyoviona.

Chujio la hewa la injini na lile la kebini, usisahau yote mawili. La kebini likiziba, kiyoyozi kinashindwa, opereta anafungua mlango apate hewa, na ulinzi wote niliousifia hapo juu unakuwa pambo.

Hosi tatu za nini? Kichwa cha zamani kilikuwa na mbili.

Mbili ni za kazi: moja inapeleka oili yenye nguvu, moja inairudisha. Ya tatu, nyembamba, hurudisha oili kidogo inayovuja ndani ya mota kwenda moja kwa moja kwenye tangi bila kupitia shinikizo. Hii nyembamba ndiyo inayoua mota za watu. Ukisahau kuifunga, au ikijikunja, oili inakosa pa kwenda, shinikizo linapanda ndani ya mota, na sili ya shafti inaruka ndani ya sekunde chache. Ifunge ya kwanza, ifungue ya mwisho. Futa viungo kabla ya kuviunganisha, kwa sababu punje ya mchanga kwenye kiungo husafiri hadi kwenye pampu.

Kabla ya kuzima ngoma, shusha mwendo wa injini kwanza. Chuma kizito kinachozunguka hakipendi kukatiwa ghafla, na pigo la oili linarudi kwenye hosi na pampu.

Nikihisi hosi inavuja, naipapasa nijue tundu liko wapi?

Usithubutu. Kwa shinikizo hilo, oili inayotoka kwenye tundu la sindano hupenya ngozi bila maumivu makubwa, jeraha likaonekana kama kachomwa na mwiba. Ndani, inaozesha nyama. Tumia kipande cha boksi: pitisha kando ya hosi, palipolowa ndipo penye tundu. Mtu akidungwa na oili, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na mwambie daktari wazi kwamba ni oili ya haidroliki imeingia chini ya ngozi. Asipoambiwa anaweza kumfunga plasta na kumrudisha nyumbani.

Mikanda ya mpira inadumu muda gani msituni?

Inategemea zaidi na opereta kuliko na mpira. Kinachoikata ni visiki vilivyokatwa mshazari na kubaki kama mikuki, halafu mtu akageukia palepale juu yake. Saga kisiki hadi kilingane na ardhi kabla ya kupita juu yake. Geuka kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, si kwa kuzungusha mkanda mmoja mbele na mwingine nyuma.

Mkanda uliolegea hutoka kwenye rola, na kuurudisha porini ni kazi ya kutukanana. Uliokazwa kupita kiasi hula rola na beringi za mota. Kitabu cha mashine hueleza unyanyue mashine na upime mkanda unavyoning'inia katikati. Vuta pia vijiti vilivyokwama kati ya rola kila unaposimama kupuliza. Miiba ya mathenge, ule mti vamizi wa Kenya, ambayo humaliza tairi haina habari na mkanda wa mpira, na hiyo ni sababu moja kubwa ya kuchagua mikanda badala ya magurudumu.

Meno ya kabidi au visu?

Visu hukata vizuri zaidi, hutumia nguvu ndogo, huacha matandazo laini, na unaweza kuvinoa. Jiwe moja tu huvimaliza. Meno ya kabidi, yaani yenye ncha ngumu kuliko chuma cha kawaida, hugonga na kuponda badala ya kukata, hutafuna nguvu zaidi, lakini huvumilia mchanga na kokoto. Kwenye ardhi ya mawe, kabidi, bila mjadala. Vyovyote utakavyochagua, jino likitoka usiendelee. Ngoma isiyo na mizani hutetemesha mashine nzima, na beringi ndizo zinazolipa. Ukiweka jino jipya mahali ambapo majirani wameisha sana, badilisha pia la upande wa pili linaloelekeana nalo.

Waya wa miba umejizungusha kwenye ngoma. Nifanye nini?

Simama sasa hivi, si baada ya kumaliza mstari. Waya hutambaa hadi mwisho wa ngoma, hukata sili ya beringi, grisi inatoka, beringi inapata moto, na tumerudi kwenye habari ya makapi na moto. Shusha kichwa chini, zima injini, chomoa ufunguo utie mfukoni, ngoja ngoma itulie kabisa, ndipo uingie na mkasi wa waya na glovu nzito.

Afadhali kutembea shamba kwa miguu kwanza. Uliza wazee wa hapo uzio wa zamani ulipita wapi. Funga kitambaa chekundu penye mawe, visima, na vyuma vya kale.

Naweza kushusha ngoma ichimbe mizizi?

Hapa mashine na mti vinagombana. Kuilinda mashine, kaa juu ya udongo: mchanga hula meno, jiwe lililozikwa huyavunja, na vumbi la udongo huziba rejeta upesi kuliko la mbao. Lakini kuna miti isiyokufa kwa kukatwa juu tu.

Mathenge ni mfano ambao Wakenya wanaujua kwa uchungu. Watu wa Baringo waliishtaki serikali, na mwaka 2006 wakampeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula matunda yake. Mwaka 2008 mti huo ukatangazwa rasmi kuwa gugu haribifu. Binamu zake, wanaoitwa mesquite, ndio wanaosumbua malisho ya Texas. Miti yote miwili huchipua upya kutoka shingo ya mzizi iliyo chini ya ardhi, kwa mesquite ya Texas hadi sentimita 30 hivi. Ukisaga juu tu, umepogoa. Msimu ujao utakuta vichipukizi kumi mahali pa shina moja. Yule mtarakwa wa Texas ya kati, kinyume chake, ukiukata chini ya tawi la mwisho hauchipui tena.

Kwa hiyo usiitumie ngoma kama jembe. Saga juu, kisha visiki vya mathenge vishughulikiwe kwa kung'oa kwa chombo cha kung'olea, au kwa dawa ya kisiki inayoruhusiwa mahali ulipo. Ukimwahidi mwenye shamba kwamba kusaga peke yake kutamaliza mathenge, usiache namba yako ya simu.

Kwenye mteremko niende uso mbele au mgongo mbele?

Upande mzito utazame juu. Mashine tupu huwa nzito nyuma, lakini kichwa cha kusagia chenye kilo 900 au 1,300 huhamishia uzito mbele. Maana yake: panda ukiwa uso mbele, shuka kwa kurudi nyuma, kichwa kikiwa chini karibu na ardhi. Usikate mteremko ubavu ubavu huku umenyanyua kichwa kufikia matawi. Mkanda wa kiti umefungwa, mlango umefungwa, kila mara.

Mashine ya mtumba kutoka Marekani itakubali dizeli ya kwetu?

Hili ni swali zuri, na wauzaji hawalijibu. Mashine mpya za huku zimetengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni. Viwango vya Afrika Mashariki vilivyoanza 2015 viliruhusu hadi 50. Tofauti hiyo huathiri vifaa vya kusafisha moshi, na dizeli ya madumu ya kando ya barabara inaweza kuwa mbaya zaidi. Nunua kituo unachokiamini, ongeza chujio la kutenganisha maji, na usiende kichwa kichwa kununua mashine yenye taa ya onyo ya masizi inayowaka eti "itazimika yenyewe". Mashine ya kizazi cha nyuma kidogo, isiyo na chujio la masizi, kwa mazingira yetu mara nyingi huwa rafiki zaidi, mradi sheria ya mahali pako inaikubali.

Nitajuaje kama ninayoinunua iliteswa msituni?

Rangi mpya haifichi kila kitu. Tazama pembe za mikono kwa makovu ya matawi. Tazama mlango: kama ni wa kioo kipya wakati muuzaji anasema mashine imetoka kwenye bustani, uliza wa zamani uko wapi. Shika waya za umeme karibu na injini uone kama zimekakamaa kwa joto. Washa haidroliki iende dakika 20 na mzigo, kisha utazame kwa macho, bila kugusa, maeneo ya mota uone oili mpya imetokea wapi.

Mwisho omba bamba la chini ya tumbo lifunguliwe. Ukikuta safi, huyo mwenye mashine alikuwa mtu wa kupuliza jioni. Ukikuta makapi yaliyogandamana na oili, unene wa mkate, hesabu kwamba rejeta, waya na sili zimeishi hivyohivyo miaka yote. Na muuzaji akisema bolti zake zimeota kutu, hazifunguki, umeshapata jibu.